Mtandio wa Msumarini

“Mbona hawarudi?”

Mwanamke mmoja aliwauliza wenzake hivyo, Ijumaa baada ya sala, huku anakunja miswala. Mmoja alikuwa anatafuta kiatu chake, mwingine akakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni.

Dada zangu, mwanamke huyo alijitolea kukaa mlangoni, upande wa wanawake, na sala yake aliisalia hapo hapo kizingitini. Ukutani palikuwa na msumari, na msumarini palitundikwa mtandio wa mahameli, rangi ya zambarau iliyoiva, nakshi za korosho kila mahali, pindo lake la zari. Aliutoa mama mmoja wa Kihindi anayesali pale, kutoka kwenye Panjabi yake ya harusi. Gauni lilishambana, suruali ikachanika, mtandio ukabaki kama mpya. Akasema, akija mtu hana cha kujifunika kichwa, asirudishwe. Avikwe kitu cha heshima, si tambara la jikoni. Nia safi kabisa. Mimi na mtandio ule hatuna ugomvi.

Basi wakaja. Akaja msichana wa saluni, akaja mwanafunzi aliyetoka maabara mbio mbio. Kila aliyefika kichwa wazi alivikwa mahameli, akapendeza, akaingia. Ijumaa ya pili haonekani.

Yule wa mlangoni, mama wa watu, akachanganyikiwa. Labda ni joto, mahameli ni mazito? Akaomba feni iongezwe. Labda unanuka jasho? Akaufua kwa mkono, akaufukiza udi. Labda ndio vijana wa siku hizi? Lakini hata mabibi hawakurudi.

Halafu akaja binti wa kaka yake. Huyu, tangu amzike mama yake, hakugusa mswala. Mwaka mzima shangazi alimbembeleza. Siku aliyokubali alitoka kazini moja kwa moja, kichwa wazi, na shangazi mwenyewe akamvika, akambana pini chini ya kidevu.

“Haya, bi harusi, pita.”

“Shangazi, usinichekeshe, mimi nimekuja kusali.”

Akaingia. Alipotoka alikuwa anaangalia miguu yake.

“Ijumaa nikutarajie?”

“Nitaona, shangazi.”

Akaukunja mtandio vizuri, akaurudisha mwenyewe. Ijumaa nne zikapita. Ukipigiwa simu ukaambiwa ‘nitaona’ mara nne, wewe utaelewa nini? Shangazi hakuelewa. Usingizi ukampaa. Alihisi anampoteza mtoto na hajui anampotezea wapi.

Ijumaa ya tano bomba la kutawadhia likafyatuka. Maji yakamlowesha yeye na ushungi wake, yakajaa hadi kizingitini pake. Akauanika ushungi dirishani, akachukua ule wa msumarini, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kazi ya mlangoni akaenda kusali ndani, katikati ya wenzake.

Akasimama kwenye safu. Wa kulia akasogea kidogo. Wa kushoto naye akavuta mkoba wake, akasogea. Akajitazama, labda anachuruzika maji? Kisha jirani aliyesali naye miaka kumi na mmoja akamgusa mkono, bila kuinua macho, akasema kwa upole, “Bibi, karibu sana. Wageni huwa wanakaa kule nyuma.”

“Mimi?”

Yule akainua uso. “Astaghfirullah. Kumbe ni wewe dada? Nisamehe, nimeona mtandio.”

Nimeona mtandio. Si jicho, si sauti, si miaka kumi na mmoja.

Jioni ile alikwenda kwa binti wa kaka yake. Hakuvua hata viatu.

“Siku ile ulisali wapi?”

“Nyuma. Peke yangu.”

“Kwa nini hukuniambia, mwanangu?”

Binti akasema, “Ningekuambiaje, shangazi? Wewe ndiye uliyenivika.”

Sasa mnataka kuniambia autupe? Mtandio umekosa nini? Ukiondoka ule, utatundikwa mwingine, na ndani ya wiki mbili tutakuwa tumeujua. Tunaujua huu wa hapa kwetu, msijifanye. Nasi ndio tunaoambiwa kila Ijumaa tuzibe mapengo kwenye safu, tukaitikia, kisha tukayafungua kwa nyonga zetu wenyewe. Tumefunika nywele za mwenzetu, tukamwacha yeye uchi mbele ya watu. Halafu tunaitisha kikao, tunaandika ajenda: kwa nini mahudhurio yanashuka.

Lile swali bado linatungoja, na safari hii hakuna anayetafuta kiatu.

Ninaomba kitu kimoja tu. Ijumaa hii, ukimwona mwanamke aliyevaa mtandio wa msumarini, usimtabasamie kwa mbali. Sogea, uweke bega lako kwenye bega lake.