Kwa Nini Nyumba za Kiwambo Zina Baraza Nje

Enzi hizo mji wa Kiwambo ulikuwa mji wa visogo. Kila nyumba ilitazama uani kwake, ikiwa na kisima chake, jiko lake na hata pembe yake ya kuswalia. Vichochoroni hapakupita ila paka. Wazee walijenga hivyo kwa kuogopana, maana waliamini jirani akishajua ulicho nacho, atakuroga. Basi watu hawakutoka, wala hawakuwa na haja ya kutoka. Wakanenepa, wakavimba miguu, wakawa wanahema kwa kuvuka ukumbi tu. Nao, badala ya kujiuliza wanaishije, wakaulizana nani mchawi.

Mwanamize alikuwa na jibu lake. Mumewe, Bwana Mkame, alikuwa hoi kitandani, miguu imejaa maji, na tabibu alikwisha kumwambia mke afanye subira, neno ambalo matabibu hulitoa wakiwa hawana jingine. Mwanamize alimpenda mume yule kupita kiasi, na hofu ya ujane ilimnyima usingizi. Akajiuliza, mjini humu nani mzima? Akamwona mmoja tu: Bi Hadiya, kikongwe wa kibanda cha udongo mwisho wa mtaa. Huyo hakuwa na kisima. Asubuhi na jioni alikwenda kuteka maji kisima cha kale, nje kabisa ya mji, akarudi na mtungi kichwani. Alikuwa na miaka sabini, lakini mgongo umenyooka kama mchi.

"Afya ya mume wangu imehamia kule," Mwanamize alisema moyoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi moja akakuta jiwe pana limewekwa nje, ubavuni mwa ukuta wake. Hirizi, si kingine! Akachukua jembe, akachimba chini yake huku pumzi zikimwishia, asipate ila jongoo. Hilo likamzidishia shaka, kwani mchawi hodari haachi alama. Akalirudisha jiwe palepale, ili aliyeliweka asijue kwamba ameshtukiwa.

Ndipo alipoanza kumfuata Bi Hadiya. Alijifunika kanga gubigubi, akajificha penye kila pembe, mwanamke mnene vile! Siku ya kwanza alifika nyumba ya tatu, akaegemea ukuta, akarudi. Siku ya pili alifika ya tano. Mwezi ulipoisha alikifikia kisima, asione uchawi wowote: bibi anateka, anajitwika kwa taabu, anaondoka. Lakini njiani aliona mawe mengine, yamewekwa hapa na pale kando ya kuta, na kila alipoliona moja damu ilimchemka. Hakutambua kwamba furungu, zile bangili za miguuni zilizokuwa zimembana, sasa zilikuwa zikicheza.

Ushahidi wa mtu mmoja haumfukuzi mtu mjini. Alihitaji wa pili, na hakumwamini yeyote ila mumewe.

"Inuka, bwana, ukamwone adui yako kwa macho yako."

Hasira ilimwinua Mkame pale dawa iliposhindwa. Akatoka akiburura miguu, akafika kwenye lile jiwe la kwanza, akaketi juu yake pu!

"Usiukalie uchawi huo!" mkewe akamkemea.

"Uwe uchawi, usiwe uchawi, nakaa. Kama ni kufa, nife nimekaa."

Kesho yake alifika jiwe la pili, na siku zilizofuata la tatu na la nne. Palipokuwa mbali mno, Mwanamize mwenyewe alibingirisha jiwe akamwekea, akinung'unika. Wakaendelea hivyo hadi siku waliyofika kisimani wote wawili, wakajibanza nyuma ya kichaka.

"Tokeni, wanangu," Bi Hadiya alisema bila kugeuka. "Mwanamize, tangu siku ya kwanza najua wanifuata. Nilikuwa nikienda taratibu usije ukanipoteza."

"Na mawe je?"

"Ya mumeo hayo. Nilikuwa nikipita nikamsikia anavyohema huko ndani. Nikasema, siku atakayotoka atataka pa kukaa."

Aibu ilimshika Mwanamize asijue auweke wapi uso wake. Hata hivyo shaka haifi siku moja. "Lakini wewe," akauliza, "kwetu unataka nini?"

"Mtu wa kunitwisha mtungi," alijibu Bi Hadiya. "Miaka yote hii najitwika peke yangu."

Mwanamize akainama, akaushika mtungi, akamtwisha.

Na tangu siku hiyo hakuna aliyejenga nyumba Kiwambo asiweke baraza ya mawe nje, na visima vya uani vikafukiwa kimoja kimoja, watu wakawa wanakwenda kuteka kisima cha kale. Mkame aliishi hata akamzika yule tabibu. Wageni husema watu wa Kiwambo ni wakarimu kwa kuwawekea wapita njia pa kupumzika. Mkarimu alikuwa mmoja. Wengine tulitoka nje kuchungulia tu, kama Mwanamize. Ndiyo maana mpaka leo ukipita huko utaulizwa watoka wapi na waenda wapi, nawe utajibu huku ukitembea.