Mparachichi wa Kitovu

Kulikuwa na mama mmoja anafua mashuka uani, povu mpaka kwenye viwiko. Jirani yake akachungulia juu ya ukuta, akasema, "Mwenzangu, wako nyumba ya tatu. Wana msumeno."

Hakuuliza ni akina nani. Nondo walikuwa wametaga kwenye miti ya mtaa mzima, na sasa viwavi wenye manyoya yanayowasha walikuwa wanamaliza majani, wanaingia madirishani, wanaanguka kwenye ndoo za maji. Mjumbe aliitisha kikao, wakakubaliana nyumba zote zikaguliwe siku moja. Tawi lenye vifuko vya viwavi likatwe lichomwe, na mti uliojaa uangushwe, maana ikibaki nyumba moja tu nondo wataruka tena na kazi itaanza upya. Yule mama naye alinyoosha mkono kukubali.

Lakini nyuma ya jiko lake kulikuwa na mparachichi, na shinani mwake kilizikwa kitovu cha binti yake wa kwanza. Mama mkwe alimwonya tangu siku ile kwamba mti ukikatwa, mtoto atanyauka. Na mti ule ulikuwa umejaa vifuko toka chini hadi juu.

Ninyi mngefanyaje? Msijibu haraka.

Alimwita binti, akamwambia apande na ufagio avidondoshe vyote kabla wakaguzi hawajafika. Binti akasema vinawasha. Mama akasema, "Ni mti wako. Ukikatwa utaumwa wewe. Panda."

Binti akapanda. Mama akaenda getini kuwachelewesha. Akawaamkia mmoja mmoja, akauliza habari za wake zao, za wagonjwa wao, za mvua. Mjumbe aliangalia juu ya paa, akasema, "Mama, mti wako una ndevu kuliko mimi." Mama akacheka, akamwambia ni majani makavu tu, kwake kusafi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya jiko. "Mama, sioni."

Kifuko kilikuwa kimempasukia usoni. Binti ameukumbatia mti kwa mkono mmoja, kwa mwingine anasugua macho, na kadiri alivyosugua ndivyo manyoya yalivyozidi kuzama. Mwenye msumeno alipanda akamshusha begani. Walimmwagia maji machoni, ndoo baada ya ndoo, na kope zilizidi kuvimba. Mmoja akakimbia kutafuta pikipiki ya kumpeleka zahanati.

Mjumbe akautazama mparachichi. Mtaa wote ulijua ni mti wa nini. Akauliza taratibu, "Huu tuuache, mama? Una kitovu."

Mama akasema, "Kitovu kimeshazikwa. Anayelia ni mtoto. Kateni."

Ndugu zangu, viwavi hawakumpandisha yule binti. Alipandishwa na mama yake, aliyekuwa anamlinda. Aliulinda mti wa mtoto kwa macho ya mtoto.

Na sisi? Baba anapiga watu ndani, mtoto anafundishwa kumwambia mwalimu kwamba alianguka. Mjomba amefanya la aibu, binti anaambiwa anyamaze, jina la ukoo lisichafuke. Tunaita hiyo heshima ya nyumba, tunasema ni kwa faida ya watoto. Halafu tunasimama getini, tunaamkia watu, tunacheka, tunasema kwetu kusafi. Nani yuko juu ya mti wakati huo, akitufichia? Mungu atakapotuuliza, atauliza habari za mti au za mtoto?

Nendeni nyumbani leo mkamshushe. Msingoje aite.

Yule mama alirudi kutoka zahanati jua likizama. Muuguzi alisema jicho la kulia litapona, la kushoto warudi kesho aliangalie tena. Hakulia. Alisonga ugali, akapakua dagaa, akamwekea tonge mkononi yule aliyefungwa macho, kisha akawahesabu watoto wake kama kila jioni. Wote walikuwepo.