Uji wa Saa Nne na Kishikwambi Kimoja

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, vishikwambi vilipoanza kuingia shuleni, Mwalimu Fidelis Mgaya alifundisha hisabati katika milima ya Makete. Aliwataka wanafunzi wake wachukue jambo la kila siku na kulitengenezea hesabu inayoweza kulibashiri. Jambo lenyewe lilikuwa uji. Ukimiminwa vikombeni mapema, kengele ya saa nne huukuta umepoa na kuganda, ukicheleweshwa, unaunguza. Basi umiminwe lini? Zawadi ilikuwa kishikwambi cha shule: mmoja, aliyechangia zaidi, angekwenda nacho nyumbani likizo nzima. Kwa watoto waliokishika kwa zamu tu, hilo halikuwa jambo dogo.

Ombeni Mahenge alipima. Kila asubuhi, wenzake wakicheza, alikaa jikoni na kipimajoto na kikombe cha uji. Lusungu Sanga aliviingiza vipimo katika kishikwambi, akauvuta mstari wa grafu huku na huku mpaka ukapita katika kila nukta. Atupele Mbilinyi hakupima wala hakuchora. Yeye alileta mzaha.

Mstari ukasema uji umiminwe karibu kabisa na kengele. Ukamiminwa. Mwalimu akatangulia kunywa, akaungua, na kipindi kilichofuata alikifundisha chote kwa chaki, bila neno.

"Dada Lusungu," akasema Atupele, "mashine yako imempika Mwalimu ulimi."

Lusungu akajibu kwamba mstari haukukosea, labda vipimo. Wote wakamgeukia Ombeni. Akaapa kwamba alikisoma kipimajoto sawasawa, na ilikuwa kweli. Ndipo Atupele akaacha mzaha.

"Ombeni, kikombe ulikianza kimejaa. Ulipomaliza kupima kilikuwa na nini?"

Ombeni akasema, "Nilikuwa naonja. Kidogo tu, kila nikipima. Uji ulinukia."

Uji kidogo hupoa upesi. Ndiyo maana mstari ulidanganyika. Ombeni akapima upya, safari hii bila kuonja. Lusungu akachora upya. Kesho yake shule nzima ikanywa kwa raha, na Mwalimu akaomba kikombe cha pili.

Likizo ikafika. Lusungu akadai zawadi ni yake: uji ulinyweka kwa mstari wake, na bila mstari nani angejua kuna kosa? Atupele akasema mstari huo ungeendelea kuunguza ndimi kama yeye asingeuliza.

"Wewe ulikuwa unacheka," Lusungu akamwambia.

"Nilicheka, kisha nikauliza. Wewe ulibishana na uji."

Ombeni alisema mwisho, polepole. "Mimi ndiye niliyeharibu, sikatai. Lakini jikoni nilikuwa peke yangu. Ningesema kikombe kilibaki kimejaa, mngejuaje?"

Mwalimu Mgaya akakishika kishikwambi, akawatazama mmoja mmoja, asijue ampe yupi. Ninyi mliosikiliza, mngemkabidhi nani?