Okei Moja, Nyumba Mbili

Palikuwa na tajiri mtaani kwetu, Bwana Mntambo, mwenye malori sita na ghorofa moja, na malori yake yakakosa pa kulala. Basi macho yake yakatua kwenye nyumba yangu. Nyumba yenyewe vyumba viwili, kaniachia bibi, na mle ndani ni mimi na Twalibu wangu wa miezi minne, baba yake yuko machimboni huko ambako hata mtandao haushiki. Bwana Mntambo akanitumia ujumbe kwenye simu: Ijumaa uhame, nabomoa, naweka malori. Hata salamu hamna. Na mimi mtoto yuko kifuani analia, mkono huu mwiko, mkono huu simu, ugali unaungua, roho imeniruka, nikabonyeza neno la kwanza lililokuja. Okei.

Neno hilo likatufikisha ofisi ya mtaa.

Alhamisi asubuhi Bwana Mntambo akaiweka simu yake mbele ya mwenyekiti, Bi Saumu, mwanamke asiyecheka ovyo, akasema shauri limekwisha, huyu binti amekubali kwa maandishi. Bi Saumu akaniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ni mimi. Kwa woga nikajifanya nambembeleza Twalibu, kumbe Twalibu kalala zamani.

Nikajitetea kwamba sikukubali kitu, nilisema okei tu. Bwana Mntambo akacheka mpaka kiti kikalia. Akasema yeye kafanya biashara ya mbao na Wazungu miaka ishirini, na okei ina maana moja.

Hapo simu yake ikaita. Mkewe. Sauti ya mama yule unaisikia hata ukiwa barabarani. Bwana akasema okei, kwa upole. Kisha okei, kwa kuchoka. Kisha okei okei okei, ile ya kumwambia mtu anyamaze. Kisha okei ya kwaheri, akakata. Mimi nahesabu. Okei sita, na hakuna alichokubali hata kimoja.

Woga ulibaki pale pale, ila ulimi ukapata njia.

"Bwana, nifundishe," nikasema, "mimi nimeishia kidato cha nne. Okei ni nimekubali?"

"Nimekubali. Basi."

"Hata mtu akiisema kwa haraka?"

"Hata akiisema usingizini."

Nikamwomba Bi Saumu aliandike hilo. Akaliandika, akalipigia mstari.

"Haya, kesho nahama," nikasema, na Bwana Mntambo akaegemea kiti chake vizuri. "Ila mtoto hawezi kulala nje. Nahamia ghorofani kwako, chumba kile cha juu chenye feni. Na kuku wangu saba. Wamezoea kulala kitandani."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeanza kuvua nguo sokoni.

"Okeeeei," akasema, akiivuta.

"Bi Saumu, andika."

Kalamu ikatembea. Bwana Mntambo akainuka nusu.

"Unaandika nini? Mimi nilikuwa nashangaa."

"Na mimi nilikuwa naogopa," nikasema.

Bi Saumu, bila kuinua macho, akauliza afute okei ipi. Bwana Mntambo akaitazama simu yake, nadhani alikuwa anamfikiria mkewe na wale kuku. Mwishowe akasema zifutwe zote mbili.

Nikatoka mbio kabla mtu hajabadili mawazo. Nimefika uwanjani, Bwana Mntambo huyo nyuma yangu anahema, na sasa haniiti binti tena.

"Mama Twalibu," akasema, sauti chini, "haya yaishie hapa hapa. Wakisikia sokoni sitapata pa kupita. Nakuomba, usimwambie mtu mwingine yeyote."

Nikamkaza Twalibu mgongoni.

"Okei," nikasema.