Hewa Mbovu ya Kisimani

Katika kijiji kimoja cha milima ya Taita waliishi wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mghoi alikuwa na pua: maziwa yakichacha nyumba ya tatu, yeye alijua. Saru alikuwa na mikono. Akishika mchi, wenzake waliacha kutwanga wakamtazama. Mkamburi alikuwa na pumzi. Alipopiga mbizi mtoni, watu walianza kumlilia kabla hajaibuka.

Kiangazi kilipozidi, Righa alishuka kwa ngazi ya miti kuzibua kisima kilichofunikwa miaka mingi. Mkewe Wakesho, mjamzito, alisimama juu. Alisikia kikohozi, kishindo, halafu kimya. Akaita, hakuitikiwa. Majirani waliofika wakasema ni mzimu wa kisima, atafutwe mbuzi wa kafara. Wakesho hakumngoja mbuzi. Akaweka mguu kwenye ngazi.

Mghoi akamshika mkono. Akainama, akanusa, akateremsha kijinga cha moto kwa kamba. Kikazimika kabla ya kufika chini.

“Si mzimu,” alisema. “Ni hewa mbovu, imetuama humo kama maji ya dimbwi. Ukishuka tutazika wawili.”

“Watatu,” Wakesho akasema, mkono tumboni. Akarudi nyuma.

Saru akakata tawi lenye majani mengi, akalifunga kamba, akawa analishusha na kulipandisha kwa nguvu, akiikoroga ile hewa itoke. Viganja vikachubuka. Hakuna aliyeweza kumpokea kwa mwendo ule. Kijinga kingine kikashushwa. Kikafifia, lakini hakikuzimika.

Mkamburi akavuta pumzi, akaibana, akashuka. Alimfunga Righa kamba kwapani, watu wakamvuta. Yeye alitoka baadaye, macho mekundu, akaanguka akitapika.

Righa alipona. Wakesho alipojifungua binti, alitangaza kwamba mtoto ataitwa jina la aliyemwokoa baba yake. Wote watatu wakaja.

“Bila neno langu,” Mghoi alisema, “wewe na huyu mtoto mngekuwa kule chini.”

“Neno halikuondoa hewa,” Saru akajibu. “Niliiondoa mimi.”

Mkamburi alikuwa bado anakohoa. “Nyinyi mlibaki juu,” alisema.

Wakesho aliwatazama mmoja mmoja, akamhamisha mtoto begani. Wageni walishakaa, uji ulishamiminwa, na jina lilikuwa moja tu.

Haya, nyinyi mliosikia: mngekuwa Wakesho, mngemwita mtoto nani?