Kidari cha Mbonea

Sogeeni karibu, lakini msijinyooshe sana. Hadithi hii ina nyama iliyokwisha kuiva na watu wenye njaa, na hakuna anayeruhusiwa kula mpaka ninyi mseme. Nawaambia mapema ili asiwepo wa kusinzia.

Katika kijiji kimoja cha milimani, huko Usangi, palikuwa na nyumba yenye watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Sifaeli, fundi seremala, na kipaji chake kilikuwa kipimo. Akisema ubao ukatwe hapa, ni hapa. Huwezi kumlilia akaongeza, wala kumtania akapunguza. Wa pili ni dada yake, Eliwaza, muuza mboga, mwenye miguu isiyotulia. Alipanda na kushuka mlima akiongea njia nzima, na ukiongozana naye unaona haya hata kuomba kupumzika. Wa tatu ni mama yao, Mama Sifaeli, na kipaji chake kilikuwa jicho. Ukiingia mlangoni anakutazama mara moja tu, anajua kama umeshiba au una njaa unayoificha.

Katikati ya hao watatu aliishi Nakiete, mke wa Sifaeli. Yeye hakuwa na kipaji cha kutaja, ila alikuwa na figo mbili nzima. Kaka yake, Mbonea, hakuwa na hata moja inayofanya kazi.

Mbonea aliteremka mjini kila wiki kusafishwa damu kwa mashine. Alirudi amechoka, uso umevimba, na kila aliyemsalimia alijiuliza kimoyomoyo kama atamwona tena. Ndugu wakapimwa wote. Aliyefaa kumpa figo akapatikana mmoja tu, naye ni Nakiete. Watu wakashangilia, kisha daktari akawanyamazisha.

"Figo yako ni nzuri, mama," alisema. "Lakini uzito wako ni mkubwa na presha inapanda. Kukupasua hivi ni kukuhatarisha. Punguza kilo kumi na tano, halafu urudi. Na usijidhoofishe. Ukija umekonda lakini damu imepungua, nitakurudisha nyumbani vilevile."

"Nina muda gani, daktari?"

"Wa kukujibu hilo si mimi. Ni mwili wa kaka yako."

Walipanda mlima wote kurudi nyumbani. Walipofika, kila mmoja wa wale watatu akashika lake.

Sifaeli alishika upawa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyempakulia mkewe, na majirani wakacheka mpaka wakachoka. Makande upawa mmoja, mboga za majani kadiri atakavyo, basi. Nakiete alimwomba: "Mume wangu, leo nimepanda mlima. Niongeze kidogo." Sifaeli akajibu, "Upawa haujui kama umepanda mlima. Ukirudisha tumboni kile ulichokichoma njiani, umepanda bure." Siku ya mlima upawa mmoja, siku ya kupumzika upawa mmoja. Nakiete alimpenda mumewe, lakini kuna siku alimchukia mpaka akajiogopa.

Eliwaza alishika mkono wa wifi yake. Kila siku aliyokwenda kuchuma mboga zake za juu, alimgongea mlango kunapambazuka.

"Twende, wifi."

"Miguu inaniuma."

"Na ya Mbonea iliyovimba? Twende!"

Alimpandisha njia ya msituni, kwenye ukungu na kwenye utelezi. Nakiete akikaa juu ya jiwe na kusema hainuki tena, Eliwaza hakukaa. Alimzunguka akimsimulia habari za ndoa za watu, bei ya nyanya, na mbwa wa mchungaji, mpaka Nakiete akainuka kwa hasira tu ya kutaka anyamaze. Hivyo ndivyo walivyofika kileleni.

Mama Sifaeli alishika sufuria ndogo. Siku za mlima tu, mkwe wake akirudi jasho linamtiririka, alimwita uani kwa sauti ya chini. Huko palikuwa na yai la kuchemsha, au bakuli la maharage, na mara nyingine kikombe cha maziwa mgando.

"Kula, mwanangu."

"Mama, Sifaeli amesema..."

"Sifaeli nimemzaa mimi. Nilipobeba mawe ya kujenga kanisa nilikula zaidi ya siku za kukaa, na sikunenepa. Mwili umefanya kazi, unadai. Usipoulipa utajilipa wenyewe, na siku hiyo utamaliza chungu."

Nani anaweza kukataa chakula cha mama mkwe? Nakiete alikula, akajifuta mdomo, akanyamaza.

Sasa sikilizeni walivyojikoroga wenyewe. Uzito ulianza kushuka vizuri, kisha ukagoma. Sifaeli hakuelewa, kwa sababu kipimo chake hakijawahi kumdanganya. Akaamua kwamba upawa ni mkubwa, akatafuta mdogo zaidi. Mama Sifaeli akaona mkwe wake anapauka, akaongeza yai la pili. Sifaeli akapunguza tena. Mama akaongeza tena. Mtu na mama yake wakawa wanavutana ndani ya tumbo moja, mwana hajui habari ya sufuria, mama hajui kwamba upawa umepunguzwa, na mwenye tumbo amefunga mdomo kwa heshima. Na simu zinapigwa kutoka mjini: Mbonea amelazwa. Mbonea ametoka. Mbonea amelazwa tena. Kila simu ilipoita, Nakiete aligusa tumbo lake kabla hajaipokea.

Ikaja siku Mama Sifaeli alikwenda msibani Ugweno, akalala huko. Upawa ulikuwa ule mdogo kabisa, na uani hakuna kitu. Eliwaza hakujua lolote, akampandisha wifi yake kama kawaida. Katikati ya mlima Nakiete akasema, "Wifi, naona giza," akaanguka. Eliwaza alimteremsha hadi nyumbani, mara akimbeba, mara akimburuta, na njia nzima hakutamka neno.

Mama aliporudi yote yakatoka nje.

"Kumbe ni wewe, mama!" Sifaeli alipiga meza. "Kila yai lako limemlia Mbonea siku zake! Umetuchelewesha!"

"Na wewe ulitaka tuzike wawili!" mama alimjibu. "Unampimia mtu kama unapima mbao!"

"Na mimi je?" Eliwaza alikuwa analia. "Mnaniacha nimpandishe mtu mlima bila kujua ana nini tumboni?"

Nakiete akainuka kitandani. "Nyamazeni. Kaka yangu anakufa na ninyi mnagombania sahani yangu. Endeleeni wote, ila mezani, kila mtu aone."

Wakaendelea. Upawa ukarudi ule wa kwanza, mmoja kila siku bila kujadiliana. Mlima ukabaki mlima. Na siku za mlima yai na maharage vikawekwa mezani peupe, na kila vilipowekwa Sifaeli alitazama dirishani. Hakukubali hata siku moja kwamba viliwekwa kwa haki. Mama naye hakukubali kwamba upawa ule ulikuwa na maana yoyote. Uzito ukaanza kushuka tena, polepole, kwa mwendo wa kumkatisha tamaa mtu yeyote mwenye mgonjwa.

Siku ya kurudi hospitalini daktari alipima vitu vitatu. Uzito ulifika, tena chupuchupu. Presha imetulia. Damu ni ya kutosha. Akavua miwani, akasema, "Jumatatu tunaingia chumba cha upasuaji."

Waliingia wawili, wakatoka wawili. Muuguzi alipokuja kusema kwamba Mbonea amekojoa mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, Sifaeli, yule asiyeongeza wala kupunguza, alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali akalia kama mtoto.

Mbonea alipopata nguvu alichinja mbuzi. Na kwao, mtu aliyerudi kutoka mlangoni mwa kaburi humpa kidari kizima yule aliyemrudisha. Humpa mmoja tu. Kidari kikikatwa vipande, ni sawa na kutangaza kwamba hakuna aliyemrudisha. Na kabla kidari hakijapokewa, hakuna mkono unaogusa sinia.

Mbonea alikibeba kwanza kwa dada yake. Nakiete akatikisa kichwa.

"Mimi nimekupa, kaka. Nikipokea kitu, itakuwa nimekuuzia. Mpe aliyenifikisha."

Mbonea akageuka na sinia lake.

"Shemeji," alisema Sifaeli, "nilikubali mke wangu anichukie kwa ajili yako. Bila upawa wangu mzani ungemkataa."

"Bila mlima presha ingemkataa," alisema Eliwaza. "Na alipoanguka, nani alimbeba? Upawa?"

"Bila sufuria yangu damu ingemkataa," alisema Mama Sifaeli. "Tena asingefika hata huko. Angekata tamaa, akala chungu kizima, akalala."

"Sufuria yako ndiyo iliyogomesha mzani," alisema Sifaeli.

"Upawa wako ndio uliomwangusha," alisema mama.

"Aliangukia mlimani kwangu," Eliwaza alisema, sauti imeshuka, "na bado naota."

Mbonea alimtazama huyu, akamtazama yule, sinia bado limemlemea mikononi.

Naona kuna mmoja wenu anataka kusema kigawanywe mara tatu. Huyo hakusikiliza, na aende akachote maji. Mwingine atasema kila mmoja alitimiza kipimo kimoja cha daktari, kwa hiyo wako sawa. Nani alikuambia? Mlima nao unapunguza uzito. Upawa nao unashusha presha. Na yai, kama mama anasema kweli, ndilo lililompa mtu nguvu ya kupanda. Watenganishe wewe, kama unaweza. Mimi nimejaribu miaka yote hii, na kila nikimpa mmoja, wale wawili wananinyima usingizi.

Fanyeni haraka. Mafuta yameanza kuganda pembeni ya sinia, na watoto wanalia. Nakiete amekaa mkekani na sahani tupu. Asubuhi hii alipanda mlima na wifi yake, maana daktari alimwambia asiache. Sifaeli yuko kulia kwake, ameshika upawa. Mama Sifaeli yuko kushoto, amefunika kitu chini ya kanga. Wanatazamana.

Na Mbonea, aliye hai, amesimama mbele yako na kidari. Je, wewe ungempa nani?