Kiuno Kina Mwenyewe

"Uzi ni wa fundi, kiuno kina mwenyewe." Wajukuu wa Bi Nuru walimsikia akimtupia maneno hayo karani wa chama cha ushirika, aliyekuwa akimsomea mfanyabiashara mmoja namba za simu za wanachama. Walipofika nyumbani wakamganda: maana yake nini? Bi Nuru akacheka, akavua viatu, akakaa. Methali hii, akawaambia, ilizaliwa hapa hapa Pangani, na ilianza hivi.

Alikuwako fundi wa magauni ya harusi, Bi Mize, mwanamke wa moyo mweupe na mdomo mwepesi. Kipimo chake kilikuwa uzi. Akikuzungushia kiunoni, anapiga fundo. Akikupima tena, anapiga jingine. Kila mteja alikuwa na uzi wake, umefungwa kipande cha kitambaa cha gauni lake, na nyuzi zote zikining'inia ukutani karibu na mlango. Bi Mize aliziona kama pambo la duka.

Subira alipokaribia kuolewa alipimwa mara ya pili, kisha akarudi ndani alikowekwa, kama ilivyo desturi ya mwali. Siku chache baadaye akaja Bi Kibibi, shangazi wa bwana harusi.

"Nataka kumshonea mwali gauni la kumshtukiza," alisema. "Niazime uzi wake."

Jambo la heri hilo! Bi Mize akautungua, akampa. Subira hakuulizwa.

Njiani Bi Kibibi aliukagua ule uzi. Fundo la pili lilikuwa limelipita la kwanza. Kiuno kimeongezeka! Hakufika kwake, alipitia kwa kaka yake, baba wa bwana harusi. Kufikia adhuhuri yeye na wazee walikuwa barazani kwa kina Subira, wakitaka kujua kama mwali ana mimba, ili wavunje uchumba.

Bi Mize aliposikia alitoka mbio, kanga mkononi. Alimpenda yule binti, na moyo ulimuuma vibaya. Akawapita wazee, akaingia chumbani.

"Nilikupa kiuno changu unishonee gauni," Subira alimwambia, macho mekundu. "Sikukupa ukitembeze."

"Nimekosa, mwanangu. Unisamehe."

Bi Mize aliujua ukweli, maana siku ya kupimwa Subira alimnong'oneza. Neno moja lingetosha kuwanyamazisha wazee. Likamfika ulimini, akalizuia.

"Niwaambie?"

Subira akafuta machozi. Kuulizwa tu kulimpoza. "Hapana, Bi Mize. Nitasema mwenyewe."

Akasimama nyuma ya pazia la mlango. "Shangazi, nani ananiletea uji wa samli na vitumbua kila asubuhi?"

Bi Kibibi akajibu, "Mimi. Ili mwali anenepe."

"Basi nimenenepa."

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Kibibi akaingia ndani, akamkumbatia mwali huku akilia na kucheka, akamrudishia uzi wake. Subira akampa fundi: "Maliza gauni, kisha unirudishie."

Bi Mize alizitungua nyuzi zote, akazifungia kashani. Aliyekuja kuulizia kipimo cha mwenzake, hata kwa nia njema, alijibiwa neno moja, mpaka mji mzima ukalikariri.

"Kwa hiyo karani alitakiwa awaulize wanachama kwanza?" aliuliza mjukuu mkubwa.

"Hata kama yule bwana alitaka kuwapa zawadi," Bi Nuru akasema. "Uzi ni wa fundi, kiuno kina mwenyewe."